Baiskeli, kadi ya mchango na njia ya Butiama

Oktoba 14 Butiama hupokea wageni wa aina mbili. Wapo wanaoshuka kwenye magari yenye viyoyozi, shati halijakunjamana, wanaelekea Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, wanasalimia wenyeji na kugeuza. Wapo pia wanaoingia kwa baiskeli, midomo imepasuka kwa upepo, chumvi ya jasho imeganda mgongoni, na ukiwapa kiti cha plastiki wanakushukuru kisha wanaomba wasimame tu.

Hao wa pili ni watu wa msafara wa Twende Butiama, ulioanza mwaka 2019. Huondoka Dar es Salaam, hupita mkoa kwa mkoa, na hulenga kufika kijijini kwa Mwalimu wakati wa kumbukumbu ya kifo chake. Njiani hupanda miti, hukabidhi madawati shuleni na huambatana na huduma za afya za bure kwa wananchi. Benki ya Stanbic Tanzania imekuwa ikiudhamini miaka ya karibuni. Ni jambo jema na lina furaha yake, hasa pale watoto wa shule wanapojipanga kando ya barabara wakishangaa watu wazima waliovaa kaptura za kubana.

Lakini mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza: kuumia kwa nini? Kama mtu anataka kuinunulia shule dawati, fundi seremala yupo na simu ya kutuma fedha iko mfukoni. Kilomita zote hizo za nini? Jibu ninaloliamini mimi limo kwenye kadi ya mchango. Nitalifikia, ila kwanza niseme habari ya barabara, maana ndiyo inayouma.

Ukifuata lami kutoka Dar kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, hadi Butiama ni zaidi ya kilomita 1,300. Dar iko usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa huo, na Butiama iko juu zaidi ya ziwa. Kwa hiyo hata ukipewa miteremko yote ya njiani kama zawadi, hesabu ya mwisho bado ni ya kupanda. Gairo inakupima mapema. Saranda, kabla ya Manyoni, inakupima tena ukiwa umeshachoka. Sekenke ni mteremko kwa anayeelekea Igunga, lakini usifurahi haraka: breki hupata moto, na chini yake unakungoja uwanda wa Wembere wenye joto la kukausha ulimi. Baada ya Shinyanga anayependa mwendo mfupi anaweza kukata Mwigumbi, Maswa na Bariadi, akaibukia Lamadi bila kuiona Mwanza. Anayependa watu na samaki wa kukaanga atapita Mwanza na Magu.

Njia zote hizo mbili hukutana Lamadi, na hapo mtu huanza kunusa mkoa wa Mara. Ukielekea Bunda, kushoto kwako ni Ghuba ya Speke na kulia ni Serengeti, ile kona ya magharibi ya hifadhi inayonyoosha shingo mpaka karibu na ziwa. Geti la Ndabaka liko pale pale kando ya lami. Asubuhi mapema kipande hiki ni raha tupu. Mchana ziwa linaamka. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi, ikimpiga mwendeshaji ubavuni. Upepo wa mbele unajulikana dawa yake: unajificha nyuma ya mwenzako, na nguvu unayotumia hupungua kwa robo au hata zaidi. Upepo wa ubavuni hautaki foleni iliyonyooka, unataka watu wajipange mshazari, na mshazari unakula upana wa barabara. Sasa weka hapo basi la Mwanza–Musoma linalowahi abiria, na lori la mizigo linalotoka Sirari. Viongozi wa msafara huamua mara moja: ni heri kila mtu apigane na upepo wake kuliko kugombea lami na basi.

Halafu kuna njaa. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini humtosha mtu anayekazana saa moja na nusu, mbili akibahatika. Baada ya hapo, asiyekula hukata moto. Hakuna anayekata moto taratibu. Mtu alikuwa akitania wenzake kwenye kilima, ghafla ananyamaza, anaachwa mita kumi, anaachwa mita mia. Ndiyo maana wazoefu hula kabla ya njaa na hunywa kabla ya kiu, na mifuko ya mgongoni hujaa ndizi mbivu, viazi vitamu na chapati zilizokunjwa. Vyakula vya pakiti kutoka dukani vipo, ila Lamadi na Bunda kiazi cha kuchemsha hufanya kazi ileile kwa bei ya haki.

Bunda ndiko wengi hupata pancha, au hugundua kwamba walishaipata. Miiba ya migunga haijali bei ya tairi. Fundi baiskeli utamkuta chini ya mti akiwa na beseni la maji yenye rangi ya chai, pampu ya kukanyagia, kopo la solusheni na vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa mviringo. Anafungua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, anaijaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande mpaka viputo vitoke. Anaweka alama kwa njiti ya kiberiti. Anakausha, anasugua, anapaka solusheni, kisha anaiacha ikauke, na hapa ndipo mgeni huishiwa subira. Kiraka kikishapigwa na kugongwa, fundi bado hajamaliza. Anapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, kuutafuta mwiba wenyewe, kwa sababu asiyeutoa mwiba atarudi kabla ya nusu saa. Tatizo huja kwenye kujaza upepo: vali nyembamba ya baiskeli ya mashindano haikubali pampu yake. Mgeni hutoa kipampu chake cha mfukoni, fundi hukitazama kwa huruma, kazi inaendelea.

Ukishampa shikamoo yake, atataka kujua ulikotoka, na ukimtajia Mwanza au Dar atauliza kwa mwendo huo unalipwa shilingi ngapi. Ukisema hulipwi, unachangisha, ujiandae kwa maelezo marefu. Kwake yeye baiskeli ni kazi. Hapo hapo chini ya mti zimeegemezwa baiskeli tatu za Phoenix zinazosubiri spoku na gololi, na wenye nazo hawakuja kwa mazoezi. Kuna wa mkaa, kuna wa madumu ya maji. Wachuuzi wa samaki wanaotoka mwaloni Musoma hufunga tenga kwenye keria na kuianza safari kabla hapajakucha, kwa sababu sato hangoji jua. Baiskeli ya mbio hubebeka kwa mkono mmoja. Phoenix yenye tenga la samaki ni shughuli ya kiume hata kuisimamisha tu, haina gia, na kilima cha kwenda vijiji vya ndani ni kilekile.

Simdharau mtu wa msafara kwa hilo. Aliyetoka ofisini Dar na kuukalia ule mkanda mwembamba wa ngozi unaoitwa siti kwa siku nyingi mfululizo ameumia kwelikweli, na anayebisha akaukalie kwanza kutoka Bweri mpaka Kiabakari. Ninachosema ni kwamba katika mkoa huu uchungu wa barabara si bidhaa adimu. Kama fedha za hisani zingekuwa zinafuata jasho, wachuuzi wa samaki wangekuwa matajiri. Fedha hufuata kitu kingine.

Na Butiama yenyewe ina historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito, mwenye umri wa miaka kama 12, alitembea maili 26, yaani kilomita 42 hivi, kutoka nyumbani kwao hadi Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Shule ipo mpaka leo. Oktoba 1967 mtoto huyo, sasa akiwa Rais, alitembea tena, safari hii kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138 au kilomita kama 220, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi minane tu. Vijana sehemu mbalimbali za nchi walikuwa wametangulia kutembea masafa marefu kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani. Mwalimu hakwenda Mwanza kwa miguu kwa kukosa gari. Alijua kwamba anayewaomba watu kujinyima husikilizwa zaidi akionekana amejinyima kidogo yeye mwenyewe. Wanasiasa wa leo husimama ndani ya gari na kutokeza kichwa darini, jambo ambalo nalo lina ujumbe wake.

Jasho, basi, halileti fedha. Linatoa ruhusa ya kuomba. Na sisi Watanzania katika kuombana fedha hatuhitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Ikitangazwa harusi, kamati inaundwa kabla posa haijapoa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kundi la WhatsApp. Kadi za mchango zinasambazwa, ahadi zinaandikwa, na kila asubuhi katibu anabandika orodha: aliyelipa, aliyeahidi, aliyepunguza deni. Mtu mzima anaaibika kuona jina lake limekaa wiki tatu bila alama. Mfumo huu hukusanya mamilioni kwa usiku mmoja wa ukumbi, chakula na muziki, na hakuna aliyesomea. Ukiuhamishia kwenye matundu ya vyoo vya shule, ghafla kundi linakuwa kimya, watu wanatuma vidole gumba. Harusi ina siku na ina mtu unayemjua anayeoa. Matundu ya vyoo hayana siku wala bwana harusi.

Baiskeli inaipa shida ya umma tarehe na uso. Jirani yako, yule mnene kidogo wa idara ya uhasibu, anaondoka Jumamosi. Leo yuko Gairo, keshokutwa Singida, picha ya goti lililochubuka imefika kwenye kundi. Huwezi tena kutuma kidole gumba. Hilo ndilo tendo lenyewe la kuchangisha. Geita Gold Mining walilielewa mapema: Kili Challenge yao ilianza mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, na washiriki wengine hupanda Kilimanjaro huku wengine wakiuzunguka mlima kwa baiskeli. Madaraka Nyerere, mwana wa Mwalimu, naye aliwahi kuupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha kwa ajili ya miradi ya mkoa wake wa Mara. Tangu 2020 mbio za CRDB zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mlima, viatu, baiskeli: chombo kinabadilika, kadi ni ileile.

Wenzetu wa Massachusetts, Marekani, wameipeleka kadi hiyo mbali. Mwaka 1980 Billy Starr aliwakusanya watu 36 wakaendesha baiskeli kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Walipata dola 10,200. Msafara huo, Pan-Mass Challenge, hufanyika kila mwaka mpaka leo na jumla yake imeshavuka dola bilioni moja. Watu husifia ukubwa wa tarakimu, mimi nasifia kanuni moja ndogo. Anayejiandikisha huahidi kiasi, na muda ukiisha bila kukifikisha, kilichopungua hukatwa kwenye kadi yake ya benki. Wahenga wetu walishasema ahadi ni deni. Wenzetu wameliwekea deni hilo mkusanya madeni.

Sasa fedha zikishapatikana, ziende wapi? Dawati ndilo linalopendwa, na kuna sababu. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa 2016, watoto walifurika shuleni na wengi wakakaa sakafuni. Rais John Magufuli aliwapa viongozi wa mikoa na wilaya mpaka Juni 30 mwaka huo kumaliza uhaba wa madawati, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake. Tangu hapo dawati limekuwa alama ya hisani nchini. Linapigika picha vizuri: unalipanga uwanjani, unawaketisha watoto watatu watatu, mdhamini anasimama nyuma. Kesho yake liko darasani, na litakuwa darasani mpaka chuma kilegee.

Kuna mahitaji mengine Mara yasiyopigika picha. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama zinazopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Sheria ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini sheria haimpikii mtoto chakula cha jioni. Msimu wa hatari ni likizo ya mwisho wa mwaka, wiki chache tu baada ya baiskeli kuondoka Butiama na mahema kukunjwa. Anayefika pale usiku, peku, anahitaji maharage, godoro, sabuni, sare ya Januari, na baadaye nauli ya ofisa ustawi wa jamii anayekwenda kuzungumza na wazazi. Gunia la maharage halibandikwi nembo ya mdhamini. Kwa maoni yangu ndiyo maana hasa linafaa kubebwa na fedha za watu wadogo wadogo, zile za elfu tano tano za kwenye kundi, ambazo haziulizi bango liko wapi.

Au, kwa nini isiwe baiskeli yenyewe? Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, uandikishaji wa wasichana wa rika lile ulikuwa umepanda kwa asilimia 32, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwenye vijiji vilivyo mbali na shule. Zambia nayo ilijaribu: wasichana waliopewa baiskeli walipunguza utoro kwa zaidi ya robo na wakawa wanafika shuleni kwa wakati. Ukiwatazama wanafunzi wa sekondari za kata kwenye barabara za ndani za Butiama na Bunda saa kumi na mbili asubuhi, viatu mkononi, hutahitaji utafiti wa tatu. Ila usisahau spoku na solusheni. Baiskeli mia zilizotolewa bila fundi wa kuzitunza ni chuma chakavu cha miaka miwili, kwa hiyo sehemu ya mchango itengwe kwa yule mzee wa chini ya mti.

Na hesabu zifanywe waziwazi. Msafara una gharama: magari ya kusindikiza, mafuta, malazi, chakula, fulana. Tuseme, kwa mfano tu, mtu mmoja anagharimu shilingi milioni moja na nusu kufika na amekusanya milioni moja. Hapo si yeye aliyechangia shule, shule ndiyo iliyochangia likizo yake. Mdhamini akilipa gharama za safari, mambo hubadilika, na kila shilingi ya kadi inaweza kwenda kwa mlengwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa elfu kumi yako muulize jirani maswali mawili bila aibu: nani amelipia safari, na nani ameshika fedha zetu? Kamati ya harusi huulizwa hayo kila siku na haijawahi kununa.

Si kila mtu atapata likizo ya kutoka Dar. Ndiyo maana natamani wana-Mara wenyewe waanzishe safari yao fupi: kutoka geti la Shule ya Mwisenge hadi Butiama, kilomita zilezile ambazo yule mtoto wa 1934 alizitembea, ila kinyume chake. Waondoke saa kumi na mbili alfajiri ili wafike jua halijawa kali. Shule moja, hitaji moja, kiasi kimoja kilichotajwa mapema, na orodha ya walioahidi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na siyo kwenye simu tu. Waruhusiwe watu wa aina zote na baiskeli za aina zote, zenye gia na zisizo na gia, mradi breki zinashika. Kitu kimoja tu kisiwepo: kombe la mshindi. Wauza samaki wangelichukua kila mwaka, na tenga likiwa nyuma.